Themosi ya Edinah

Loice alituletea habari siku ya Jumatatu, mikono yake ikiwa bado na unga. Yeye hupika uji na maharagwe katika shule ya watoto wa sweta za kijani hapa Magwagwa, na jikoni husikia mambo kabla ya walimu. Alimwambia mama kwamba mtu wa ofisi ya Kisii atapita Alhamisi kuangalia nyumba za watoto walioombewa nafasi, na kwamba nyumba yetu imo katika orodha.

"Mimi sijasema kitu," akamaliza. Akachukua ndizi moja mezani, akaondoka akila.

Shule hizo ziko saba, kuanzia Nyakoe mpaka huku kwetu. Zilianzishwa na watu wa msaada kwa ajili ya watoto ambao nyumbani kwao hakuna kitu. Jina la shule hizo ni refu na ni la Kiingereza, kwa hiyo sisi husema tu Sweta Kijani. Mtoto akiingia hupewa sweta, vitabu na chakula cha mchana, na harudishwi nyumbani kila wiki kwa ajili ya karo kama alivyokuwa akirudishwa mdogo wangu Bochaberi katika shule aliyokuwa. Lakini nafasi ni chache. Kabla mtoto hajachukuliwa, lazima mtu aje nyumbani kwenu ajionee kwa macho yake.

Bochaberi alikuwa na miaka kumi. Aliyepita kumi hawamchukui. Mwezi wa pili angefikisha kumi na moja, kwa hiyo nafasi ilikuwa ni hii au basi. Tena kulikuwa na jambo lingine. Mama mdogo wetu anayekaa Nyakoe alikuwa amepata mke wa mfanyabiashara mjini Kisii, aliyejifungua mapacha, ambaye alitaka msichana wa kumshikia watoto. Tangu Oktoba alikuwa akipiga simu kuuliza kama Bochaberi yuko tayari. Mama hakuwa amekubali, lakini hakuwa amekataa pia.

Jioni hiyo nilimwambia mama, macho yangu yakiwa kwenye moto, kwamba watu hawa wanataka kuona tunavyoishi.

"Wataona," mama akasema. "Lakini hawataona wakiwa wamesimama."

Nilikuwa na neno lingine. Siku niliyokwenda kumwandikisha Bochaberi nilikuwa nimeiona fomu yao. Iliuliza nyumbani kuna viti vingapi, kuna taa gani, kuna redio, kuna kuku, kuna mbuzi. Nilijua maswali kama hayo hayaulizwi bure. Neno lilifika kooni likakaa hapo. Nilipolimeza, mama alikuwa tayari amejifunga leso na kuelekea kwa Edinah.

Mama anaitwa Jemimah, lakini majirani humwita Mok'Ogari, yaani mke wa Ogari, ingawa baba yetu Ogari ana miaka mitatu sasa chini ya udongo, nyuma ya migomba. Nyumba yetu ni chumba kimoja na jiko. Lakini kwetu mgeni akikuta nyumba tupu, aibu haiishii kwa mwenye nyumba. Inawafikia na majirani, kwamba waliona na wakanyamaza. Kwa hiyo hakuna anayemnyima mwenzake kitu cha kukaribishia mgeni. Leo kwako, kesho kwangu.

Jumatano vitu vilianza kuingia. Edinah, ambaye mwanawe ni mwalimu Keroka, alileta themosi yake kubwa nyekundu yenye maua, vikombe sita vinavyofanana na taa ya sola. Zachariah, mzee wa kanisa anayeshika funguo za stoo, alileta viti vinne vya plastiki. Nyuma ya kila kiti jina la kanisa limeandikwa kwa rangi nyeupe, kwa hiyo mke wake akaleta vitambaa vyake vya kufuma, tukavitandika juu mpaka maandishi yakafichika. Mwisho Edinah alirudi na kuku wake mwekundu, akamfunga mguu karibu na mlango wetu. Alisema boma lisilo na kuku linaonekana kama limehamwa.

Bochaberi alizunguka akigusa kila kitu. Aliniuliza kama vitakaa. Nikamwambia mpaka kesho jioni. Akasema basi usiku huo yeye atalala kitini.

Alhamisi alikuja kijana anayeitwa Lewis, mwenye viatu vyeupe na simu kubwa kama sahani. Jina la baba yake ni la kwetu, lakini yeye alikulia Nairobi, na mama alipomsalimu kwa Ekegusii alijibu kwa Kiswahili. Aliketi juu ya kitambaa cha mke wa Zachariah. Alikunywa chai ya themosi ya Edinah, akala viazi vitamu, akasema asante kila mara. Alikuwa na adabu. Mimi nilisimama karibu na mlango nikiangalia kidole chake. Alikuwa akiinua macho, akiangalia kitu, halafu kidole kinagusa kioo. Viti. Vikombe. Taa. Aliangalia nje.

"Kuku ni huyo tu, mama?"

"Wengine wametoka kidogo," mama akasema.

Kidole kikagusa tena.

Alipoinuka kuondoka mama alimletea mkungu wa ndizi. Lewis alisema ofisi hairuhusu. Mama akamwambia ofisi haipo hapa, akaufunga mwenyewe nyuma ya bodaboda kwa kamba ya katani. Kijana wa watu aliondoka akiushikilia kwa mkono mmoja asije akaanguka nao.

"Amekunywa vikombe viwili," mama alisema jioni, tukirudisha vitu. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa siku nyingi. "Mtu hanywi vikombe viwili mahali ambapo hapakumpendeza."

Siku kumi na tatu zilizofuata sikuweza kutulia. Simu yangu ni ndogo na kwetu bondeni haishiki mtandao, kwa hiyo nilipanda kile kilima cha kanisa asubuhi, mchana na jioni, nikaiinua juu, nikashuka. Mtu akikohoa barabarani nilitoka kuangalia. Nilifagia uwanja mara mbili kwa siku. Nilichota maji mpaka mama akauliza kama tunajenga. Ninachuma chai katika mashamba ya watu, na kazi hiyo hutaka mikono iliyotulia, majani mawili na kichipukizi. Mikono yangu ilikuwa ikichukua chochote. Siku moja kwenye kituo cha kupimia chai karani alimwaga kapu langu mezani mbele ya foleni nzima, akachagua majani magumu moja moja, akaniuliza kama siku hizi ninachuma kwa miguu. Watu walicheka. Nilikuwa nikifikiria kile kidole.

Jumatano ya pili, juu kule kilimani, simu ililia. Ujumbe ulikuwa mfupi. Ulisema ombi la Bochaberi Ogari halikufaulu kwa sababu hali ya nyumbani imeonekana kuwa ya wastani.

Nilishuka mbio kisha nikaanza kutembea polepole, kwa sababu sikujua ninakimbilia nini. Mama alikuwa anapepeta mahindi. Nikamsomea.

"Wastani ni nini?"

"Si maskini, si tajiri. Katikati."

Hapo nikaona jambo ambalo sijamwambia mtu. Kwa muda mfupi sana, mama alifurahi. Uso wake ulinyooka kama mtu aliyesifiwa kanisani. Halafu akamwangalia Bochaberi aliyekuwa anaruka kamba nje, na furaha ile ikamtoka, akaweka ungo chini.

Jioni mama mdogo alipiga simu kupitia kwa Edinah, ambaye simu yake hushika mtandao hata bondeni. Yule mke wa mfanyabiashara hawezi kungoja zaidi, alisema. Anataka msichana kabla ya Krismasi. Mama mdogo angekuja Jumapili kumchukua Bochaberi. Safari hii mama hakunyamaza. Alisema sawa.

Nilimfuata jikoni. Nikamuuliza, na shule je?

"Kule atakula," mama akasema. "Atavaa. Na wewe shule ilikufanyia nini?"

Mimi niliacha nikiwa darasa la sita, miguu ya baba ilipokufa ganzi na mtu mwingine akahitajika shambani. Mama alilijua hilo, na baada ya kulisema aliinama akapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Usiku nilijigeuza mpaka Bochaberi akanipiga teke. Nilijua la kufanya na sikutaka kulijua. Mtu aende Kisii awaambie kwamba vile vitu havikuwa vyetu. Lakini kufanya hivyo ni kusema mbele ya wageni kile ambacho mama alikificha kwa mikono yake miwili. Sisi tuna neno, chinsoni, heshima ile inayochanganyika na haya, inayomzuia mtoto kutazama au kutaja baadhi ya mambo ya wazazi. Umaskini wa mama ulikuwa kama nguo yake ya ndani. Nani humwanikia mama yake nguo ya ndani barabarani?

Alhamisi asubuhi nilibeba kapu kama ninakwenda chai. Nililificha kwenye ua wa Zachariah, nikapanda gari la Kisii.

Ofisi yao iko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Mlangoni kulikuwa na msichana anayeitwa Sharon, jina lake lilikuwa kwenye kibao mezani, mwenye kucha ndefu za rangi ya zambarau. Aliniuliza ninamtaka nani. Nikasema ninangoja. Akanionyesha benchi. Niliketi. Watu walipanda, wakaulizwa, wakajibu, wakashuka. Mara mbili nilisimama na mara mbili nikaketi. Mara moja niliteremka mpaka chini barabarani, nikaangalia magodoro, nikapanda tena. Saa sita ikafika. Sharon aliacha kutafuna chingamu.

"Siz, umekaa hapo kama kalenda. Kwani unangoja mwezi uishe?"

Nikasema hapana.

"Umetumwa?"

Nikasema hapana.

"Una shida gani basi?"

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Sharon aliniangalia, na sauti yake ilipotoka tena haikuwa na mzaha.

"Kama haisemeki, iandike," akasema, akanisukumia kalamu.

Karatasi nilikuwa nayo. Katika mfuko wangu kulikuwa na daftari kuukuu la Bochaberi, ambalo nilikuwa nimelichukua niwaonyeshe jinsi anavyopata hesabu zote. Nikachana ukurasa. Nyuma yake Bochaberi alikuwa amemchora kuku mwekundu. Nikaandika upande wa pili, juu ya goti:

"Mimi ni dada ya Bochaberi Ogari wa Magwagwa. Siku mgeni wenu alipokuja aliona vitu. Themosi ni ya Edinah. Vikombe sita na taa ni vya Edinah. Viti vinne ni vya kanisa, mkiondoa vitambaa mtaona maandishi. Vitambaa ni vya mke wa Zachariah. Kuku ni wa Edinah, tulipomfungua alikwenda kwao mwenyewe. Meza ni yetu. Ndizi ni zetu. Mama si mwongo. Kwetu mgeni hapokelewi na nyumba tupu. Jumapili Bochaberi anapelekwa kushika watoto wa watu. Tafadhali msimwambie mama ni mimi."

Sharon aliisoma yote nikiwa nimesimama pale. Sikutegemea hivyo. Alipomaliza alisema hii ni ya Mzee Makori, ngoja nimwite. Alipogeuka tu nikateremka ngazi. Sikusimama mpaka stendi.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ambayo sisi Wasabato hufua na kupika kabla Sabato haijaingia. Nilikuwa nimepasua kuni nyingi kuliko tulizohitaji. Mama alikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Saa tano hivi mtu akabisha langoni.

Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia na fimbo, na faili chini ya kwapa. Alimsalimu mama kwa Ekegusii safi, akasema anaitwa Makori, zamani alikuwa mwalimu mkuu na sasa anasimamia uchaguzi wa watoto katika shule za Sweta Kijani. Mama alikausha mikono kwenye gauni. Macho yake yalimpita mgeni na kwenda moja kwa moja kwenye pengo la ua wa Edinah.

"Mwalimu, ngoja kidogo. Nyumba haijafagiliwa."

"Nitakaa hapa hapa, Mok'Ogari," Makori akasema. Akaugeuza mtungi wetu wa plastiki, uliokuwa hauna maji, akaukalia.

Mama aliona mgeni amekaa juu ya mtungi, akashika kifua kama mtu aliyechomwa na mwiba. Mimi shoka liliniganda mkononi. Nilijua kilichomleta, na nilijua kwamba kile kilichomleta kiko ndani ya lile faili.

Makori hakufungua faili. Aliuliza habari za mvua. Aliuliza kaburi lile nyuma ya migomba ni la nani. Aliomba kuingia ndani, akachungulia, akatoka. Ndani mlikuwa na kitanda, meza na kibao cha kukalia jikoni. Alikuwa anarudi kwenye mtungi wake wakati ua ulipotikisika.

Kwetu habari ya mgeni haihitaji mtandao. Mtu alikuwa amemwona barabarani akiuliza nyumba. Edinah alipenya kwenye pengo akiwa na themosi nyekundu chini ya leso, vikombe vikilia ndani ya beseni. Nyuma yake Zachariah alikuja na viti viwili kichwani na viwili mkononi, akihema. Mke wake hakuwepo siku hiyo, kwa hiyo hakukuwa na vitambaa. Jina la kanisa lilikuwa wazi, jeupe, mara nne.

Waliweka vitu chini, wakamsalimu mgeni. Makori aliielekezea themosi fimbo yake.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yake," Edinah akasema upesi. "Aliisahau kwangu."

"Na vikombe?"

"Vilifuata themosi."

Makori akamgeukia Zachariah. Zachariah ni mzee wa kanisa, na jua lilikuwa linaelekea Sabato. Alikiangalia kiti. Akavua kofia, akaivaa tena, akasema yeye alikuwa anapita tu.

Hapo Makori akafungua faili. Akatoa karatasi iliyokunjwa, na ilivyokunjwa, kuku mwekundu wa Bochaberi alikuwa nje. Mama hajui kusoma. Lakini mchoro ule aliujua, kwa sababu Bochaberi aliuchora akiwa amekaa mapajani pake. Mama aliinua macho akaniangalia. Hakuniangalia kwa muda mrefu. Ningependa angeniangalia zaidi, au anipige, au aseme kitu.

"Mok'Ogari," Makori akasema, "simu ya kijana wangu inasema nyumba hii ina vitu. Karatasi hii inasema haina. Kimoja kinadanganya. Sitaandika chochote mpaka nikusikie wewe."

Nilielewa. Mama angesema vitu ni vyake, mimi ningekuwa mwongo, na mambo yangeishia hapo, na hakuna ambaye angecheka heshima yake. Edinah alikuwa tayari anaitikia kwa kichwa kumsaidia. Bochaberi alisimama kando ya mtungi na kamba yake ya kuruka, akimwangalia mmoja baada ya mwingine. Mama alichukua nguo kwenye karai, akaikamua mpaka ikaacha kudondosha maji, akairudisha ndani ya karai.

"Karatasi haidanganyi," akasema.

Halafu akaanza. Hakuharakisha. Themosi ni ya Edinah. Vikombe ni vyake. Viti, umejisomea. Kuku yule, hata leo sijui analala wapi. Kikombe changu ni kile pale, na akakionyesha, cha plastiki, kimekatika mkono. Baba yao alikiacha. Alivitaja vyote kama mtu anayejivua vitu mwilini kimoja kimoja mbele ya watu, na alipomaliza alisimama wima kabisa.

"Ulikuwa mgeni wangu," akasema. "Yule kijana pia. Ningewaweka wapi?"

Makori alikuna shingo.

"Mama yangu," akasema, "siku watu wa misheni walipokuja kwetu, aliazima ng'ombe."

Edinah hakuweza kujizuia. "Akasaidia?"

"Yule ng'ombe alikula kofia ya kasisi."

Zachariah alicheka kwanza, halafu Edinah. Mama hakucheka, lakini alifungua themosi, kwa sababu chai ilikuwa ndani tayari na mgeni alikuwa amekaa vya kutosha bila kitu mkononi. Makori alikunywa vikombe viwili. Alivinywa akiandika kwa kalamu, si kwa kidole, na alipomaliza alisema mtoto aletwe shuleni Jumatatu kupimwa sweta. Alikataa ndizi. Mama hakumlazimisha.

Tangu saa hiyo mama hakusema nami. Aliniambia lete maji, funga mlango, na hayo si maneno. Sabato tulikwenda kanisani na Edinah alinipita bila kunisalimu, kana kwamba mimi ni mti. Viti vinne vilikuwa mahali pake mstari wa mbele. Niliimba bila sauti. Kila mtu aliyegeuza shingo nilidhani anageukia upande wangu. Nyumbani themosi ilibaki juu ya meza, kwa sababu Ijumaa ile Edinah aliondoka bila kuichukua na mama hakuirudisha. Niliipita nikiingia, nikaipita nikitoka.

Jumapili mama mdogo alifika na begi tupu la kubebea nguo za Bochaberi. Nilimwona mama akitoka kumpokea, nikangoja aelekee kwenye ua. Hakuelekea.

"Keti kitandani," akamwambia. "Viti viko kanisani."

Mama mdogo aliketi, akalalamika kwamba amesafiri bure, kwamba yule mke wa mfanyabiashara atamwona yeye ni mtu asiye na neno, kwamba mapacha wanalia usiku na mchana. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema mtoto ana shule. Alilisema mara tatu, kila mara kwa sauti ile ile, na mara ya tatu mama mdogo akakunja begi.

Jumatatu niliamka kabla ya jogoo. Gauni la Bochaberi lilikuwa limeshafuliwa na kunyooshwa kwa sufuria ya makaa. Mama alikuwa anamsuka mistari mlangoni, akivuta nywele kwa nguvu. Niliuliza, nikiangalia chini, kama nimletee leso yake ya kutokea.

"Mpeleke wewe," akasema. "Si wewe ndiye unayejua kusema?"

Sikujua kama ni hasira. Nilimshika Bochaberi mkono tukatoka, na tulikuwa tumefika langoni aliponiita. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Ijumaa kutaja jina langu.

"Nyanchama. Mkirudi urudishe themosi ya Edinah. Umwambie asante." Akaokota kitana mlangoni. "Kwa mdomo. Si kwa karatasi."

Shuleni kulikuwa na mstari mrefu wa watoto na mama zao, na Loice alipita na sufuria akanikonyeza kama mtu asiyejua lolote. Mwalimu mwenye utepe wa kupimia aliuliza nani anamsemea mtoto huyu. Nikasema ni mimi, jina lake ni Bochaberi Ogari, ana miaka kumi. Alinitaka nirudie kwa sauti. Nikarudia. Sweta waliyomjaribisha ilimfika magotini, wakasema atakua nayo, na njia nzima ya kurudi alitembea mikono ikiwa mbali na mwili, kana kwamba bado ameivaa.

Sasa nimesimama kwenye pengo la ua. Themosi ni nzito kuliko nilivyodhani, nimeiosha mara mbili. Ndani Edinah anaongea na kuku wake. Nimeliandaa neno tangu Magwagwa sokoni, nimelirudia nikitembea, na bado linapanda na kushuka. Miguu yangu inataka kurudi. Kuku mwekundu ametoka, ananiangalia kwa jicho moja.

"Nani huko?" Edinah anauliza.